Mafiga ya Mwavita

Mutoto wangu Yoani,

Ninakusalimu sana, salamu ya mama. Baba yako anakusalimu, ijapo leo hasemi na mutu. Mama ya baba yako anakusalimu, anasema mugongo bado unamuuma, na kwamba asubuhi ulimuaga mbiombio kama mutu anayekimbia mvua. Dada yako Sifa anakusalimu, na mutoto wake anayeota meno anakusalimu kwa kulia. Mudogo wako Anjelina anakusalimu, anauliza kama kule ku shule ya walimu ku Kasongo kuna wasichana wanaoweza kumushinda kuruka kamba. Mama Shabani, jirani yetu muuza chumvi, anakusalimu kwa salamu ya Kiislamu. Ni mbuzi tu, yule wa pembe moja, ndiye hakusalimu, sababu jana ulimupiga.

Utasema, mama, watu hawa wote nimewaona leo. Ni kweli. Saa hii ninapoandika uko kwa katekista unaaga wenzako, na mimi nimeketi ku mulango, ninalinda mihogo juani kuku wasiimalize. Lakini utakaposoma utakuwa mbali, na salamu ni lazima zimukute mutu njiani. Barua hii nitakupa kesho mukononi, nitakuambia usiifungue mpaka kamyo, lile lori la kwenda Kasongo, isimame ku Lusangi kupakia pamba. Kama umeifungua mbele ya hapo, vizuri, nitajua wewe ni mutoto wangu kweli.

Habari ya kufua mashati, habari ya kutolala na nguo zenye maji, habari ya kumutii mwalimu mukubwa, nitakuambia kesho kwa kinywa mpaka kamyo iondoke, na utachoka na mimi. Hapa sitaki kuandika hayo. Hapa niko na hasira. Nimekuwa na hasira na wewe majuma matatu, nimekupikia na hasira, nimekushonea kifungo cha shati na hasira, na wewe hukuona, ulikuwa unasoma buku. Nilitaka kukuambia mbele ya uso wako. Nikashindwa, sababu kila nikifungua kinywa naona ni kinywa kilekile kilichokosa.

Ni Mama Shabani aliyeniambia. Tulikuwa ku kijito tunaosha vyombo. Akasema:

“Feza, mutoto wako amesoma sana.”

Nikafurahi. Nikasema, “Ni Mungu, dada.”

“Hapana, usimutwike Mungu muzigo huo. Amesoma mpaka amesahau watu.”

Nikaacha sufuria. Akanieleza yote. Siku ile mulipotoka ku Kasongo kufanya mutihani, wewe na wenzako wawili, mulipita ku Lusangi, ku magazeni, yale maghala ya pamba. Mama Shabani alikuwa pale na chumvi yake, nyinyi hamukumuona. Mwenzako akakuita kwa sauti, Yoani wa Feza, ngoja. Na mama mumoja aliyeketi ukutani, macho yake yamekufa, akasikia jina hilo. Akainuka na fimbo yake. Akaja na mikono mbele, akisema, “Yoani wa Feza wa kwetu? Simama baba, nikuguse kichwa.” Wewe ukarudi nyuma ili asishike shati lako jeupe. Wenzako wakakuuliza, “Yoani, huyu ni mutu wenu?” Ukasema, “Simujui. Ni mwenye wazimu tu.” Yule mwenzako mwenye meno makubwa akasema kipofu anatafuta bwana. Na wewe ukacheka, Yoani. Mama Shabani aliniigizia mpaka namna ulivyocheka, na niliijua, ni ile unayocheka ukiwa na haya.

Nikamuuliza, “Na yeye akafanya nini?”

“Aliomba musamaha. Alisema, nimekosa, watoto wa watu, mupite tu. Akarudi ukutani kwake.”

Aliomba musamaha. Neno hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo, kuliko kicheko chako. Yeye ndiye aliyeomba.

Sasa sikia ni nani.

Mama yule jina lake Mwavita. Ni mama yako mudogo, muke mwenzangu. Baba yako alituoa wawili mbele hatujajua misioni, mimi kwanza, yeye baada ya mavuno mawili. Nisikudanganye, mwanzo sikumupenda. Alikuwa na mwili muzuri na anacheka sana, na mimi nilikuwa mutu wa kununa. Lakini wivu wote ulikwisha mwaka uliozaliwa. Ulipotoka tumboni homa ilinikamata, ikanilaza tangu wakati wa kupanda mpunga mpaka wakati wa kuuvuna. Maziwa yakakauka. Mama ya baba yako alikupa maji ya muchele, ukatapika, ukabaki mifupa na macho. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kunitazama kwa huruma ile mbaya. Na Mwavita alikuwa amemuzika mutoto wake juma lile lile. Kifua chake kilikuwa kimejaa, kinamuuma, usiku na muchana anakikamua chini ya mugomba. Hakuna aliyemuomba. Aliingia mu nyumba yangu, akakuchukua pembeni mwangu, akaketi chini akakunyonyesha. Alikuwa akilia juu yako, machozi yake yanaanguka ku uso wako, na wewe unanyonya tu, hujali.

Uliishi kwa maziwa ya mutoto aliyekufa. Ulinyonya miaka miwili kwake. Ulipoanza kutembea ulitembea kwenda kwake, si kwangu, na mimi nilivumilia. Ulikuwa unalala mugongoni mwake akitwanga. Umri ule hauwezi kukumbuka, najua. Ndiyo maana sikukulaumu kwa kutokumbuka. Ninakulaumu kwa kucheka. Hata kama angekuwa mugeni, mutu wa njia tu, ulikuwa na haki gani ya kucheka?

Lakini nani alikufundisha kutomujua? Hapa hasira yangu inageuka na kunitazama mimi.

Mwalimu wa dini alipokuja muji wetu, tulikwenda kusoma wote, baba yako na sisi wake zake wawili, benchi moja. Mimi herufi zilinikataa. Mwavita alizishika upesi. Mangaribi, chungu kikiwa motoni, alichukua mukaa akaniandikia ku kigae cha chungu kilichovunjika, akashika mukono wangu, akasema, “Dada Feza, hii ni A, ina miguu miwili kama wewe, na mukaja kiunoni.” Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Mukono huu unaokuandikia, yeye ndiye aliuongoza. Barua unayoshika ni kazi yake zaidi kuliko yangu.

Wakati wa kubatizwa ulipokaribia, Padri alimuita baba yako. Akamuambia maneno mawili. Nilikuwepo, nilisikia yote mawili. La kwanza, mukristu ni wa muke mumoja, achague. La pili, yule asiyebaki asitupwe, ni lazima awe na nyumba, na shamba, na watu wa kumutunza mpaka kufa kwake, sababu naye ni mutu wa Mungu, na hakukosa neno. La kwanza tulilishika siku ileile. La pili lilianguka njiani tulipokuwa tunarudi nyumbani, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Baba yako alinichagua mimi sababu nilikuwa na watoto. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilipiga magoti nikamushukuru Mungu. Mutu aliyekupa uhai anafunga mukeka wake, na mimi ninashukuru.

Kwetu unajua desturi. Kila muke na jiko lake, na mawe yake matatu ya kupikia, anayachagua mwenyewe ku kijito siku anapoolewa. Mwanamuke akiondoka na mafiga yake yakabaki, hata akikaa mbali miaka kumi, pale ni kwake, anaweza kurudi, anaweza kuzikwa. Yakitolewa, amekufa kabla ya kufa. Mwavita hakulia siku ile. Baba yako alimupeleka kwa kaka yake ku Lusangi, na mbele ya kuondoka Mwavita alinishika mukono, akasema, “Dada, sina neno na dini. Mimi pia ninaitaka. Neno moja tu, usitoe mafiga yangu.” Nikasema, “Siwezi kuyatoa, dada.”

Kesho yake tulikuwa na wageni, wakristu wa muji wa pili wanakuja kwa sikukuu ya ubatizo wetu. Niliogopa wataona majiko mawili, watasema bado ni washenzi. Nikayang'oa mimi mwenyewe. Majivu yalikuwa bado na joto chini. Wewe ulikuwa unanifuata nyuma unauliza, mama mudogo iko wapi, mama mudogo iko wapi, na nilikupiga kofi. Nikakuambia hakuna mama mudogo. Hukuuliza tena kamwe. Ndiyo shule yako ya kwanza hiyo, na mwalimu ni mimi.

Unataka kujua yalikwenda wapi? Jiwe lile unalonolea kisu nyuma ya nyumba, ni figa la Mwavita. Lile la kukanyaga ku mulango wakati wa matope, ni lake. La tatu lilikuwa linashika mulango wa kuku. Tangu utoto umekanyaga kwake kila siku, na hatukukuambia.

Kuna lingine, na hili hata Padri sijamuambia vizuri. Nilimuambia haraka, mu maneno mengi, ili lipite.

Mwaka ule wa mvua nyingi, kapita, musimamizi wa pamba, alitupeleka kuibeba mpaka Lusangi kwa muguu, wewe ulibaki na Sifa. Tulifika pale jua kali, tumepanga musitari mbele ya muzani, vikapu vichwani, midomo imekauka. Mwanamuke akatoka nyuma ya magazeni na kibuyu cha maji, anapita anagawia wabebaji mumoja mumoja. Hakuna aliyemutuma. Anapapasa kikapu, anashuka ku mukono, anaweka kibuyu. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa, kama maji ya muchele. Nikamujua kwa namna ya kutembea. Alipofika kwangu nilinyosha mukono. Nilikunywa. Na sikusema asante, Yoani. Sikusema neno, nilizuia hata kukohoa, sababu angeijua sauti yangu. Nilimurudishia kibuyu kimyakimya. Akasema, “Kunywa tena, njia iko ndefu, dada.” Nikanywa tena. Akaenda kwa mutu aliyenifuata.

Mpaka leo sijui kama aliita kila mutu dada. Sikukaa kusikiliza. Nilitua kikapu, nikakimbia.

Kwa hiyo wewe ulisema, simujui. Mimi sikusema hata hilo. Nilikunywa maji yake nikajificha ndani ya ukimya. Nikipima makosa yetu mawili, lako ni la mutoto, langu ni la mutu muzima.

Baadaye nilisikia kaka yake amekufa, na wake wa kaka wamemutoa mu nyumba, sasa analala ku kibanda nyuma ya magazeni. Anayempelekea chakula ni Mama Shabani, kila akienda kuuza. Miaka yote hii. Siku ile ku kijito nilimuuliza, juu ya nini hukuniambia? Akasema, “Nilidhani unajua, na kwamba dini yenu ndiyo inakataza.” Nilitaka kijito kinimeze. Yeye haendi misa. Hakuna padri aliyemuambia neno la pili.

Sasa nakuja ku Jumapili iliyopita. Katekista alikupa wewe usome, sababu unaondoka. Ulisoma habari ya siku ya mwisho, kondoo kuume, mbuzi kushoto. Ulisoma vizuri, sauti haikutetemeka, watu walinigeukia wakitingisha vichwa, mama ya musomaji. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilisikia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Wale wa kushoto hawakuua mutu. Hawakuiba. Walipita tu. Na wanajitetea, Bwana, lini tulikuona? Nikasema moyoni, wao wana bahati, wana neno la kujitetea. Sisi tulimuona. Tulimuona amelala nyumbani kwetu, anatwanga mupunga wetu, ananyonyesha mutoto wetu. Tutasema lini tulikuona?

Ninasikia watu wetu wanasema, tuhurumie maskini, halafu wanatafuta maskini mbali, mu vijiji vya wengine, wenye vidonda ambavyo si sisi tuliovitia. Inanikasirisha. Hata kuomba kwao kunanikasirisha. Maskini wengi tumewatengeneza sisi wenyewe kwa mikono, kama mutu anavyofinyanga chungu, halafu tunakipita njiani tunauliza, chungu hiki ni cha nani?

Unakwenda kuwa mwalimu. Utakuwa na mutoto wa nyuma ya darasa, wa upele, anayenuka moshi, asiye na baba wa kumusemea, na wenzake watamucheka wakitazama uso wako kuona kama wanaruhusiwa. Sina la kukufundisha juu ya hapo. Kumbuka tu uso wako siku ile ku magazeni.

Leo asubuhi, ulipokuwa kwa mama ya baba yako, nilichukua jembe nikayatoa yale mawe matatu. La mulango liligoma, lilikuwa limeota mizizi. Nikayabeba kiunoni moja moja, nikayapanga pahali pake pa zamani, karibu na mupapayi. Udongo pale bado mweusi. Baba yako akatoka.

“Nani atapika pale?”

“Mwenyewe.”

Akasema, “Wakristu watasema tumerudi nyuma.”

“Waseme. Siku tulipomufukuza walisema nini? Walikula kuku.”

“Feza, mimi ni mukubwa wa wakristu hapa.”

“Basi anza wewe kukumbuka neno la pili la Padri. Hatarudi kuwa muke wako, wewe muzee, nani anakutaka? Atarudi kuwa mutu wa kwetu. Kibanda chake nitakijenga na Sifa. Kwa Padri nitakwenda mwenyewe.”

Alikwenda shamba akasahau jembe, kisha aliona haya kurudi kulichukua. Nafikiri ameketi kule chini ya kivuli, hafanyi kitu. Usimuchukie. Yeye pia ananing'inia ku uongo ule tangu miaka mingi, na mikono yake imechoka. Mara moja tu, ulipokuwa na homa ya tumbo, nilimusikia akisema jina lake.

Sasa sikiliza, Yoani wangu, sababu mihogo inataka kuingizwa ndani, naona wingu. Kamyo itakaa ku Lusangi mpaka pamba ipakiwe, muda ni mwingi, nimemuuliza shofere. Shuka. Waache wenzako wafikiri wanachotaka. Zunguka nyuma ya magazeni. Usipeleke zawadi kwanza, usijifanye mutu mukubwa anayegawa. Keti chini. Muambie, mimi ni Yoani wa Feza, uliyeninyonyesha, na siku ile nilikucheka. Usiongeze maneno. Weka kichwa chako chini ya mukono wake akiguse kama alivyotaka. Akikupa chakula, kula, hata kama ni kidogo na mikono yake inatafuta sahani. Akikufukuza, simama ufukuzwe, usijibu, ana haki. Halafu muambie hivi, mafiga yako yamerudi pahali pake, ni dada Feza aliyeyatoa na ni dada Feza aliyeyarudisha, na anaomba uje kabla ya mvua kubwa. Kama atasema hapana, nitakuja mimi kwa muguu, na safari hii nitasema jina langu mbele ya kunywa maji.

Ninaogopa, mutoto wangu. Ninaogopa ameshakufa. Ninaogopa yuko hai na atakubali, maana nitamutazama machoni kila siku na yeye hataniona. Ninaogopa pia wewe utakunja karatasi hii uiweke chini ya sanduku, kamyo itaondoka na wewe juu yake. Lakini nilikubeba tumboni, na yeye alikubeba mugongoni, na kati yetu wawili mmoja lazima amekuzaa vizuri.

Shofere atarudi huku baada ya siku tatu. Usingoje kufika Kasongo, usingoje karatasi nzuri. Andika palepale ku Lusangi, hata nyuma ya barua hii, hata neno moja, anakuja au hakuji, umupe shofere. Mama Shabani amesema atakaa njiani kumungoja.

Kuni nimekwisha kuweka ku mafiga yake. Sitaziwasha. Moto wa kwanza ni wa Mwavita. Leta habari upesi.

Mimi mama yako,
Feza